Hedifoni za Kusikilizia Kwaya

Baiskeli ilikuwa imesheheni marobota ya mitumba hata mwendeshaji haonekani, ila kofia yake tu ikichungulia juu ya mzigo. Alipiga kengele, akapiga mluzi, kisha akapaza sauti, "Pisha, dada, pisha," na watu wote waliokuwa wakisukumana karibu na geti la mpaka pale Tunduma wakapisha, wa huku na wa Zambia. Fortunata Haonga peke yake hakupisha. Alisimama katikati ya njia na gauni lake la kitenge cha buluu, mikono imetunishwa mabegani, akitafuta kwa macho bango la duka aliloelekezwa.

Mkono wa mtu ulimshika juu ya kiwiko ukamvuta. Baiskeli ikapita ikikwaruza upindo wa gauni.

"Dada yangu," alisema mwenye mkono, "hapa mpakani ukilala umesimama, utaamkia Nakonde, ng'ambo Zambia."

Fortunata aligeuka. Aliyemvuta alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sweta ya kijani kwa ajili ya ule upepo wa vumbi, na hedifoni zikining'inia shingoni. Alikuwa na midomo inayotembea taratibu. Maneno yake yalionekana kabla hayajasikika, na kwa hilo tu Fortunata alijikuta amempenda kidogo.

"Nilikuwa na mawazo," alisema.

"Mawazo ya mtu gani huyo? Mwambie awe anakushika mkono mkitoka."

"Natafuta duka la hedifoni. La Gibson Silwimba."

Kijana akainamisha kichwa kama mtu anayetambulishwa kanisani. "Basi umefika. Ndiye mimi."

Fortunata alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Hasamba, kwenye kahawa na baridi, ambaye sasa aliishi Tunduma na dada yake Yunisi. Lakini watu hawakumjua kwa nguo alizoshona. Walimjua kwa sauti. Alikuwa nguli wa alto katika kwaya ya kanisa lao, na mwalimu wa kwaya, Eliakim, alizoea kuwaambia wageni kwamba akipotea Fortunata, alto nzima inapotea.

Mwaka huo sikio lake la kushoto lilianza kufa. Kwanza ndege wa asubuhi walinyamaza. Kisha watoto wa jirani wakaanza kuongea kama wana pamba mdomoni. Akaenda Mbeya peke yake, akapimwa, na daktari akamwambia bila kuzunguka: mishipa ya kusikia inakufa, ya masikio yote mawili, ila kushoto kumetangulia. Dawa ya kuirudisha hakuna. Ipo mashine ndogo ya kuvaa sikioni, itamsaidia kwa kipindi. Fortunata alishukuru, akatoka nje, akakaa kwenye benchi mpaka mlinzi akamuuliza kama amefiwa.

Hakumwambia mtu. Ile mashine ingeonekana, na kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda kurekodi. Mwimbaji kiziwi ni kitu gani? Aliamua kwamba akipata hedifoni nzuri za kummiminia sauti kichwani, atazikariri nyimbo zote nyumbani, na siri itabaki yake na Mungu wake.

Ndicho kilichomleta kwa Gibson.

Duka lilikuwa jembamba kama korido, hedifoni zimetundikwa pande zote mbili. Gibson alimkaribisha mteja wa Kizambia aliyekuwa mlangoni, "Mwaiseni, mukwai," akamwomba asubiri kidogo, kisha akamvutia Fortunata stuli.

"Unasikiliza muziki gani?"

"Kwaya."

"Kwaya tu? Hata kalindula ya Wazambia hujawahi kuicheza harusini?"

"Naicheza vizuri tu. Lakini nasikiliza kwaya."

"Haya, tulinganishe. Usinunue kitu kwa kutazama rangi." Alimvisha za kwanza, nyekundu, nene. "Hizi vijana wanazigombania. Ni za bongo fleva. Besi yake utaisikia mpaka tumboni."

Aliisikia tumboni kweli. Ilimgonga kifuani kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Maneno ya wimbo hayakuwepo kabisa.

Za pili zilikuwa ndogo, za kuchomeka ndani ya sikio. Gibson aliweka kalindula, akamwambia gitaa pale linasimama peke yake, kila uzi unauhesabu. Fortunata alisikia gitaa la besi likirukaruka, na juu yake kitu kama manyunyu kwenye bati.

"Sasa hizi ndizo zako," alisema Gibson, akishusha nyingine kubwa zenye wavu nyuma. "Mgongo wake uko wazi, sauti haibanwi. Kwaya inataka nafasi. Ukifumba macho unamwona kila mtu amesimama wapi."

Fortunata alifumba macho. Besi walikuwepo, wamesimama imara. Tenori walikuwepo. Ila makelele ya malori yaliingia humo humo kupitia ule wavu na kukaa katikati yao. Soprano hawakuwepo. Na alto, mstari wake wa miaka yote, ulikuwa kivuli ukutani.

"Ongeza sauti."

"Imefika mwisho, dada."

"Napenda kelele," alisema, akacheka ili asilie.

Akazijaribu zile nyeusi za pembeni, nzito, zinazofunika sikio lote na kufungia dunia nje. Malori yakazimika. Soko likazimika. Na katika sikio la kulia, mbali, nyembamba kama uzi wa kushonea, alto ikaja. Machozi yalimtoka kabla hajayazuia.

Gibson alisimama na mikono yake, hajui aipeleke wapi. "Wimbo umekugusa."

"Umenigusa. Nipe hizi."

"Hizo? Kwa kwaya? Zinabana sauti, dada yangu. Ni za mtu anayerekodi au wa kwenye mashine ya kusaga. Chukua zile za wavu."

"Nataka hizi."

"Mteja ni mfalme," alisema Gibson akizifunga, "ila mfalme huyu mbishi."

Mfalme mbishi alirudi wiki iliyofuata akidai waya umelegea. Waya haukuwa umelegea. Gibson aliukagua kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, wakaongea mpaka dada yake Gibson, Teresia, aliyeuza vitenge duka la pili, akaja kuchungulia ni mteja gani huyo asiyeondoka. Baada ya hapo Jumapili zote wakawa wanatembea pamoja wakitoka ibadani, Fortunata na gauni jipya kila mara kwa sababu alishona mwenyewe, Gibson na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama. Gibson alimwita Alto wangu. Yeye alimwita Silwimba, kwa ukali wa kujifanya.

"Hivi kwa nini mimi lazima nitembee kulia kwako?" Gibson aliuliza siku moja.

"Kwetu Hasamba mwanamume hukaa kulia."

"Huo uongo."

"Umeuliza, nimejibu."

"Na simu zangu je? Kwa nini hupokei?"

"Niandikie, mpenzi. Napenda kuyasoma maneno yako mara mbili."

Hilo lilikuwa nusu ya kweli. Simu ilikuwa imegeuka kuwa adui. Alipolazimika kupokea, alijifunza kuishi kwa "eeh", "sawa" na "hamna shida", na akagundua kwa mshangao kwamba watu wengi hawahitaji zaidi ya hayo. Mara nyingine Gibson alimnong'oneza kitu upande wa kushoto, akaona uso wa mchumba wake haubadiliki, akanyamaza. Fortunata aliona ule unyamavu, akajua kuna neno zuri limeanguka chini, na hakuthubutu kuliuliza.

Mazoezini mambo yaliharibika haraka zaidi. Jioni moja Eliakim aliinua mkono, akasimamisha kwaya.

"Alto, kuna mtu anaburuta. Na anashuka nusu sauti."

Wakarudia. Akasimamisha tena. Safari hii hakusema kitu, alimtazama tu Fortunata kwa huruma iliyomchoma kuliko tusi.

"Unaumwa, mama?"

"Mafua, mwalimu."

Wiki iliyofuata alikuta amesogezwa mstari wa nyuma. Nyumbani alivaa zile hedifoni nyeusi kutwa nzima juu ya cherehani, sauti imefika mwisho, akiulazimisha ubongo ushike kile ambacho sikio linakiachia. Yunisi alimvua kwa nguvu siku moja, amekasirika.

"Nimekuita mpaka koo limenikauka, chungu kimeungua. Una nini wewe?"

"Sina kitu, dada."

"Mficha maradhi kilio humfichua, mdogo wangu. Usije ukasema sikukwambia."

"Siumwi," alisema Fortunata, akazivaa tena.

Msimu wa kahawa ulipofika alikwenda Hasamba kuwasaidia wazazi kuchuma. Kule shambani alipumua, maana kahawa haimwulizi mtu swali. Siku ya kurudi Tunduma alikuwa Mlowo, amesimama kando ya barabara kuu akingoja gari, malori yakipakia mahindi, wanunuzi wakibishana juu ya magunia, na simu ikatetemeka mkononi. Gibson. Alikuwa hajamwona kwa muda mrefu, na hamu ilimshinda. Akapokea, akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, akaibana simu kwenye la kulia.

Kulikuwa na upepo. Ndani ya upepo kulikuwa na sauti ya Gibson, ikipanda na kushuka. Akadaka "mjomba". Akadaka kitu kama "mzigo" na kitu kama "niende". Alijua Gibson hufuata mizigo Mbeya kila baada ya muda. Lori likawaka karibu yake.

"Sawa," alisema.

Sauti ikauliza tena, ndefu zaidi, ikakatika katikati kama ya mtu anayemeza mate.

"Hamna shida, mpenzi. Nenda tu."

Akangoja. Alipoitazama simu ilikuwa imekatwa. Alitabasamu, akaiweka kwenye mkoba, akapanda gari.

Usiku ule ujumbe aliomwandikia Gibson haukufika. Asubuhi pia haukufika. Kesho yake alivaa lile gauni la buluu akaenda dukani, akakuta mlango wa chuma umefungwa kwa kufuli. Teresia alikuwa anakunja vitenge kwenye meza yake, na hakuinua uso.

"Shikamoo, wifi," alisema Fortunata.

"Usiniite wifi."

"Gibson yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemruhusu."

Fortunata alisogea mpaka akaiona midomo yake vizuri. "Nilimruhusu nini, dada Teresia? Naomba uniambie taratibu."

Labda ni jinsi alivyoomba. Teresia aliweka kitenge chini. "Mjomba wetu wa Kitwe ni mgonjwa, anataka Gibson akaishi kule na kushika biashara zake. Akakupigia akiwa amesimama hapo hapo ulipo, mimi nasikia. Alikwambia, mjomba ananiita nikahamie Kitwe, lakini kama unanitaka nitakataa, nitawatuma wazee Hasamba waje kuposa. Nikatae au niende? Ukasema sawa. Kaka yangu akadhani hujaelewa. Akakuuliza tena, yaani niende, tuachane? Ukamwambia hamna shida, nenda tu." Akanyoosha kidole kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni. "Alikaa chini pale kwenye ndoo, Fortunata. Mtu mzima. Kesho yake akavuka."

Soko liliendelea kuchemka, lakini kwa Fortunata kila kitu kilikuwa kimya, kimya ambacho safari hii hakikutoka masikioni. Alishika ukingo wa meza.

"Sikusikia," alisema.

"Mtandao ulikuwa mbaya?"

Ulikuwa uongo mzuri, umeshapikwa na kupakuliwa, kilichobaki ni kula. Fortunata alifungua mdomo aupokee, akashindwa.

"Hapana. Mtandao ulikuwa mzima. Mimi ndiye nisiyesikia. Nakuwa kiziwi, dada."

Teresia alimkazia macho. "Wewe si mwimbaji?"

"Nilikuwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo kwa sauti. Teresia alimkalisha kwenye rundo la vitenge kama mtoto. Kisha, bila kuuliza zaidi, akapiga namba ya Zambia, akaongea kwa ukali maneno machache, akampa simu.

Fortunata aliibana sikioni. Mvumo tu. Akaihamisha, akairudisha. Mvumo. "Simsikii," alisema, na sauti yake ikapasuka. "Yupo hapo na simsikii."

Teresia alichukua funguo alizoachiwa, akafungua duka la kaka yake, akatoka na hedifoni za kila aina zimemjaa kwapani. Walichomeka zile ndogo. Gibson akawa mbu. Wakachomeka zile nene za vijana; akawa ngoma, mtu mzima amegeuzwa dundo. Fortunata alizing'oa kichwani. Walipojaribu nyeusi, za kufunika sikio lote, akasikia mwisho wa neno, mbali, upande wa kulia.

"...nata?"

"Usiongee," alisema haraka. "Ninyamazie kwanza, Gibson, nisije nikajibu tena kitu nisichokisikia." Akamwambia yote, Mbeya na daktari na benchi, mazoezini, Mlowo, akiongea mbele ya wauza nyanya na wapita njia waliokuwa wanasimama kumtazama mwanamke mwenye gauni zuri anayelia na hedifoni kichwani. "Sasa sema. Sema polepole."

Gibson alisema jambo refu.

"Sijasikia."

Akasema tena. Alisikia "masikio" na alisikia "si". Akaomba tena, na safari ya mwisho Gibson alitenganisha neno na neno kama anayemfundisha mtoto kusoma.

"Sijakasirikia masikio. Ulinijibu maisha yangu bila kuyasikia."

Kisha simu ikakatika. Teresia akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga tena. Fortunata alivua hedifoni, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya meza, akaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata hakushona. Jumamosi alikwenda mazoezini na joho lake la kwaya limekunjwa kwenye mfuko, akamweleza Eliakim mbele ya wote. Mwalimu akaomba waimbe kwa ajili yake, akiwa na nia njema kabisa, na ndiyo ikawa adhabu kubwa kuliko zote: Fortunata alikaa kwenye benchi la mbele akitazama midomo ya soprano ikifunguka na kufunga, shingo zao zimekaza, na hakuna kilichotoka. Nyumbani Yunisi, ambaye sasa alijua, hakumsema. Alimfunika blanketi mchana kweupe, akakaa naye kitandani, akimshika mguu.

"Nimempoteza kwa neno sawa, dada," alisema Fortunata. "Ningenyamaza tu, ningekuwa naye."

Ujumbe uliingia siku ya soko, alasiri, kwa namba asiyoijua. *Njoo getini.*

Hakubadili nguo. Alikwenda na kanga ya nyumbani na sweta ya Yunisi, uzi wa kushonea umemganda begani. Gibson alitokea upande wa Zambia kwa miguu, begi mgongoni, amekonda, viatu vimejaa vumbi. Alipomfikia hakumkumbatia. Alizunguka, akasimama kulia kwake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulimpenda mwanakwaya. Niliogopa kukuletea mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine ndiye niliyekuwa natembea naye kila Jumapili." Hasira ilikuwa bado usoni mwake. "Unajua nilivyolala Kitwe? Nilikuwa najiuliza nimemfanyia nini huyu mwanamke hata aniambie hamna shida."

"Nisamehe."

"Nakusamehe. Lakini inauma."

"Na iume." Fortunata alimgeukia. "Ila nisikilize kwanza kabla hujasema lolote zuri. Itafika siku sitasikia hata hii sauti yako. Daktari hakusema labda. Ukiniita nisaidie, sitakuja. Mtoto akilia, nitalala. Utarudia kila neno mpaka uchoke, na ukichoka nitakuona, maana macho yangu ni mazima. Usinijibu haraka."

Gibson hakujibu haraka. Alitazama foleni ya malori ilivyojikunja mpaka kilimani. Fortunata akaanza kujiandaa moyoni kwa safari ya kurudi nyumbani peke yake.

"Naogopa," alisema hatimaye.

Kitu kikalegea kifuani mwa Fortunata. Tangu Mbeya, ndilo neno la kwanza lililotoshana na lake. "Hata mimi," alisema.

"Nimemwambia mjomba amtafute mtoto wa shangazi ashike zile biashara. Hakufurahi, na sijui kama tutaelewana tena. Jumatatu twende Mbeya kwa yule daktari, tukaulize habari ya ile mashine. Mimi na wewe. Halafu..."

Lori la mbele likawaka, likaanza kusogea kwa ngurumo, na maneno yaliyobaki yakapotea yote. Midomo ya Gibson ilikuwa imegeukia barabara. Fortunata aliona tu kwamba amemaliza, kwamba anamtazama, anangoja. *Sawa* ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, imezoea njia. Akaimeza.

"Sijasikia ya mwisho," alisema.

Gibson alikuja mbele yake, akamshika mabega yote mawili, akasema tena kwa sauti iliyowafanya wabadilisha fedha wa pale getini wainue vichwa: wazee wa Silwimba wanataka kuja Hasamba kuposa, je, waje au wasije?

"Rudia."

"Bado hujasikia?"

"Nimesikia. Nataka tu kukujibu vizuri."

Akarudia, polepole, uso wake umejaa vumbi na wasiwasi. Fortunata aliifuata midomo ile mpaka neno la mwisho.

"Waje," alisema. "Ila waambie waongee wakinitazama."